Gwaride la Unga

Halimah hakuwa mtu wa kuambiwa kwamba hakumbuki. Bugembe yote, kuanzia wakaanga chapati wa kando ya barabara kuu mpaka imamu wa msikiti, ilijua kwamba mjane huyu aliyehamia kutoka Mbale anakumbuka nani alinunua kitenge gani kwa ajili ya harusi ya nani, na nani alithubutu kukivaa kile kile kwenye matanga ya mumewe. Basi Jumamosi ile, binti yake Juwairiya aliposoma kwa sauti, humo humo dukani, kwamba kumbukumbu ya binadamu si picha iliyotundikwa ukutani bali ni kitu kinachojengwa upya kila kinapotajwa, Halimah aliweka chini kitambaa alichokuwa akipima, akamtazama binti yake kama mtu aliyetukanwa mbele ya wateja.

"Hebu rudia hapo," alisema.

Juwairiya akajua ameharibu. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Jinja, anasomea saikolojia, na swali lililomkaa kooni wiki hiyo lilimtaka atathmini nadharia za kumbukumbu na ushahidi wa watu walioona tukio kwa macho yao. Tangu utoto amezoea kusoma kwa sauti mama akipima nguo. Angekuwa na busara kidogo, siku hiyo angesoma kimyakimya, maana Jumatatu mama yake alitakiwa mahakamani Mbale, amnyooshee kidole kijana anayeshtakiwa kwa kumuua Hamuza. Na Hamuza alikuwa mume wa mmoja na baba wa mwingine.

"Ni nadharia tu, Mama."

"Nadharia ya nani? Alikuwepo?"

Kisa chenyewe Halimah alikuwa amekisimulia mpaka kimeshika umbo, kikawa na mwanzo wake na mwisho wake. Ulikuwa mwaka wa imbalu uliopita, Agosti, mji wa Mbale umefurika vijana wa Kimasaba wanaocheza kwa siku kadhaa kabla ya kutahiriwa, njuga mapajani, nyuso na vifua vimepakwa unga wa hamira ya wimbi. Kundi moja lilipita mbele ya duka la jumla la Hamuza, ngoma zikitikisa vioo. Wafanyakazi wakatoka nje kutazama. Halimah alikuwa nyuma katikati ya majora ya vitenge, na alipokuja mbele alimkuta mtu mwenye uso wa unga ameinamia droo ya kaunta, Hamuza amemkamata fulana. Yule mtu akanyakua mkasi wa duka. Kisha akaruka nje, akapotelea kwenye kundi la watu wenye nyuso kama yake, na Hamuza akafia sakafuni, kichwa chake mapajani mwa mkewe.

Neno lake la mwisho, Halimah alisema siku zote, lilikuwa jina la binti yao. Juwairiya siku hiyo alikuwa shuleni, bwenini. Neno lile aliletewa na mama yake pamoja na habari ya msiba, na tangu hapo alilala nalo na kuamka nalo. Wengine huachiwa nyumba au shamba, yeye aliachiwa jina lake mwenyewe kinywani mwa baba yake.

Jioni ya siku ile ile polisi walimkamata kuli mmoja wa mtaa wa Namatala aitwaye Wamboga, unga bado umemkauka usoni, kwa sababu alionekana akikimbia. Yeye alisema kwenye imbalu kila mtu anakimbia. Siku chache baadaye Halimah aliitwa kituoni, akaonyeshwa foleni ya wanaume, akamtoa Wamboga bila kusita. Tangu siku hiyo kijana yupo rumande, na tangu siku hiyo Halimah anauona uso ule kila anapofumba macho, na kovu lake juu ya jicho la kushoto, limepinda kama kucha.

"Haya, nisomee na yaliyobaki," Halimah alisema. "Nisikie wanavyonitukana."

Juwairiya alisoma kwa shingo upande. Alisoma kwamba mtu akiona silaha, macho hung'ang'ania silaha na uso hupita hivi hivi. Kwamba ukimuuliza shahidi swali lenye jibu ndani yake, jibu lile huingia kichwani mwake likakaa humo kama mwenyeji. Kwamba shahidi anaweza kuwa na uhakika kabisa na akawa amekosea kabisa, na uhakika wake huongezeka kila anapoambiwa amefanya vizuri.

"Mkasi ule," Halimah alisema, "mpini wake mmoja ulipasuka, baba yako akauzungushia utepe mweusi. Utepe umeanza kubanduka upande wa kidole gumba. Nimesahau nini mimi?"

Juwairiya alikuwa ameona, na mama yake akaona kwamba ameona, kwamba alichoelezwa ni mkasi, si uso.

"Na hao watu wao wa majaribio," Halimah aliendelea, sauti imepanda, "ni wanafunzi waliokalishwa darasani wakaonyeshwa sinema. Kuna aliyeuawa mumewe pale? Mtu akimwagikiwa na damu ya mwenzake atasahau?"

"Hilo hilo ndilo wanalobishania, Mama. Wapo wanaosema woga huchonga kumbukumbu, haitoki. Wamewahoji watu walioshuhudia mauaji ya kweli, na wengine walikumbuka vizuri hata baada ya miezi. Wapo wanaosema woga hupofusha. Mimi natakiwa nipime."

"Basi pima upande wangu."

"Lakini hata wewe ulinicheka, unakumbuka? Nilivyokuwa nawaambia watu nakumbuka nililia kwenye harusi ya shangazi Kagoya, mpaka rangi ya gauni langu naijua. Ukaniambia harusi ile sikuwa nimezaliwa."

Halimah alicheka, maana kweli jambo lile liliuchekesha ukoo mzima. Kisha kicheko kikamkatikia. Akachukua kitambaa chake akaendelea kupima, akakosea, akapima tena. Mteja aliyekuja baadaye alikatiwa pungufu, jambo ambalo halijapata kutokea katika duka lile, na akarudishiwa kipande kingine kwa maneno makali, kana kwamba kosa lilikuwa la mteja.

Jumapili adhuhuri mama na binti walifika Mbale, wakafikia Namatala kwa Faraj, mdogo wake Hamuza. Faraj ndiye aliyeshika duka baada ya msiba. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, aliyezeeka ghafla mwaka ule kaka yake alipouawa. Alichinja kuku, akaulizia safari, akamwita Juwairiya "mwanangu" kama kawaida yake, kisha akasema mara mbili katika chakula kimoja kwamba kesho ndiyo kesho.

"Shemeji, wewe ndiye kesi," alimwambia Halimah. "Hakuna mwingine aliyeona. Mwendesha mashtaka ameniambia mwenyewe, wewe ukisimama imara, huyo kijana hatoki. Ukitetereka kidogo, tumekwisha."

"Mimi nimeshatetereka lini?"

"Sijasema umetetereka."

Lakini Halimah kuku wa watu alimshinda. Mwaka wa imbalu ulikuwa umerudi, maana huja kila baada ya mwaka mmoja kupita, na ngoma zilisikika kutoka pande zote za mji. Halimah alikuwa amejiapiza hatazitazama. Alasiri kundi likaja mpaka kichochoro cha Faraj, njuga zikigonga, wanawake wakiimba nyuma, na miguu ya Halimah ikamtoa nje bila ruhusa yake.

Yule kijana wa mbele alipogeuka, moyo ulimruka. Ni yeye. Akatazama wa pili. Ni yeye. Nyuma yao walikuwepo ndugu waliojipaka unga kuwasindikiza, na kila uso uliogeuka kumwelekea ulikuwa wa mtu yule yule, macho yale yale mekundu ndani ya unga. Akashika nguzo ya mlango. Alijiambia aache upuuzi, atafute kovu, maana kovu ndilo alama, na asiye na kovu siye. Akatafuta kovu usoni mwa huyu na huyu. Hakuna aliyekuwa nalo, akapumua.

Hapo yule kijana wa mbele akasimama, unga na jasho vimemwingia machoni. Dada yake akamvuta pembeni, karibu kabisa na mlango wa Faraj, akamfuta uso mzima kwa ncha ya leso. Unga ukatoka. Chini yake, kuanzia shavuni mpaka kwenye sikio, palikuwa na alama pana ya kuungua moto, ya zamani, iliyokunjamana. Mtu angeiona kutoka ng'ambo ya barabara. Halimah alikuwa amemtazama kijana yule kwa muda wote huo, uso kwa uso, asiione.

Aliingia ndani akakaa kitandani. Juwairiya alimfuata, akamwona mama yake ameweka kidole juu ya jicho lake mwenyewe la kushoto, anapapasa.

"Mama, unaumwa?"

"Kovu nililiona wapi?" Halimah aliuliza. Hakuwa anamuuliza binti yake.

Alijilazimisha kurudi dukani siku ile, kwenye kaunta, na akamwona muuaji akiwa na kovu lake safi, limepinda kama kucha. Lakini na unga ulikuwepo, mzito, umejaza hata mikunjo ya paji la uso. Vitu hivyo viwili havikuweza kukaa pamoja kwenye uso mmoja, na yeye kwa miaka hii miwili yote alikuwa akiviweka pamoja bila taabu. Kisha likamjia lingine, bila kuitwa. Kituoni. Amekwisha kunyoosha kidole, afande amempa kiti barazani na soda baridi, chupa inagonga meno. Mbele yake, kwenye bomba la ua, wale wanaume wa foleni wananawa. Wamboga anainua uso kutoka kwenye maji. Maji yanamchuruzika, na juu ya jicho la kushoto pana kovu.

"Ni bombani," alisema. "Nililiona bombani."

Juwairiya alielewa mara moja, akakaa chini sakafuni. Kwa siku mbili alikuwa akijilaani kwa kusoma yale maneno kwa sauti. Sasa aliogopa kabisa.

Faraj alipoambiwa hakupandisha sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Juwairiya, kisha shemeji yake.

"Kovu lisipokuwepo, bado ni yeye. Ulimtoa kabla hujaona kovu."

"Nilimtoa, ndiyo."

"Basi kesho sema hivyo. Usituletee maneno ya chuo mbele ya jaji. Kaka yangu hakuuliwa darasani. Kama si huyu, shemeji, niambie ni nani. Nimuulize nani mimi? Huyu akitoka, hakuna mwingine atakayeingia. Ukimwachia kesho, mlango huu usiujie tena."

Halimah hakumkasirikia. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba kila alichosema Faraj yeye mwenyewe alikwisha kukisema moyoni. Alimtoa kabla ya kuona kovu. Aling'ang'ania neno hilo usiku kucha kama mtu anayeshikilia nguo yake kwenye upepo.

Asubuhi, kwenye veranda ya mahakama, walimkuta Afande Geresom ameketi kwenye benchi, viatu vinang'aa, anangoja zamu yake ya kutoa ushahidi. Ndiye aliyesimamia ile foleni, gwaride la utambulisho kama wanavyoliita wenyewe. Mtu wa Teso, mcheshi, anayeongea Kiswahili cha kambini. Aliinuka akamsalimia Halimah kwa mikono miwili.

"Mama yangu, leo tunamaliza. Wewe hapana ogopa. Mimi nilifanya kazi safi. Unakumbuka unga?"

"Nakumbuka, afande."

"Ilikuwa akili yangu ile. Wewe ulisema uliona mtu na unga, mimi nikasema, sasa mama atajua mtu bila unga namna gani? Nikatuma mtu alete unga, nikaweka maji kwa beseni, nikaambia wote wajipake. Haki sawa kwa wote." Alicheka kwa furaha ya kweli. "Vijana wangu wale walinichekesha. Mmoja wa Gulu, mmoja wa Lira, wengine wa kwetu Soroti. Wanajipaka kama mtoto ameanguka kwa mfuko wa unga wa posho. Huyu wa kwako tu ndiye alijua kazi."

"Wote walikuwa watu wa kaskazini na Teso?"

"Askari wangu na watu wa magereza, mama. Mimi ningetoa watu wapi? Urefu sawa, umri sawa, kila kitu sawa."

Halimah alishukuru, akasogea mpaka kwenye ukuta, akauegemea. Alikuwa ameiona foleni ile tena, na safari hii hakuitafuta. Wanaume weupe kwa unga mkavu, umekaa puani na kwenye ndevu, umewaacha masikio na shingo. Na katikati yao mmoja tu aliyepakwa inavyopakwa, kuanzia utosini kushuka shingoni mpaka kifuani, vidole vimeburutwa mashavuni, kope zimeachwa. Halimah amezaliwa Mbale, ngoma hizi amezijua akiwa mgongoni mwa mama yake. Mgeni wa Kampala angesimama mbele ya foleni ile akalinganisha pua na midomo. Yeye hakuhitaji. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwa mtu ambaye unga wake ulikuwa sahihi, na kidole kikafuata. Na Wamboga naye, kuli wa watu, kaambiwa ajipake unga akajipaka kama alivyofundishwa na wajomba zake, kwa sababu hakujua namna nyingine.

Juwairiya alimshika kiwiko.

"Mama, wanakuita."

Aliapa kwa Kurani. Mkalimani alisimama kando yake kumgeuzia Kiswahili chake kwa Kiingereza cha jaji. Kizimbani alikuwepo Wamboga, amekonda, shati limemzidi, na Halimah alipomtazama damu ilimsisimka kama zamani. Ni yeye. Mwili wake wote ulisema ni yeye. Hapo ndipo watu wasiojua hudhani kwamba kugundua kosa ni kama kuwasha taa, chumba chote kinaonekana. Si hivyo hata kidogo. Alijua alichokijua, na bado kila alipomtazama kijana yule alimwona na mkasi mkononi.

Mwendesha mashtaka, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alimpitisha taratibu: duka, ngoma, majora ya vitenge, droo, mkasi. Halimah alijibu vizuri. Faraj alikuwa safu ya pili, mikono amefumbata magotini. Nyuma kabisa aliketi mwanamke mnene wa makamo aliyevaa gomesi iliyochuja, Nabifo, mama yake Wamboga. Hakuwa ameondoa macho kwa Halimah tangu aingie.

"Na mtu huyo, ulimtambua kwa alama gani?"

Jibu lilikuwa pale pale, tayari. Amelitoa mara ngapi, dukani, msikitini, kwa majirani. Kovu juu ya jicho la kushoto. Mdomo ulikwisha kujipanga kulisema. Mkalimani alimgeukia akingoja.

"Kwa kovu," Halimah alisema, na mwendesha mashtaka akaitikia kwa kichwa. "Lakini kovu hilo sikuliona dukani."

Chumba hakikufanya lolote. Mkalimani tu ndiye aliyechelewa kidogo kabla ya kugeuza.

"Mtu niliyemwona dukani uso wake wote ulikuwa unga. Kovu nililiona kituoni, watu walipokuwa wananawa, mimi nimekwisha kumchagua. Nimekuwa nikilisimulia kama nililiona dukani. Sikudanganya. Nilikuwa naliona kweli."

Mwendesha mashtaka alijaribu kumrudisha. "Lakini ulimchagua kabla hujaona kovu, si ndivyo? Ulikuwa na uhakika."

"Nilikuwa na uhakika."

"Basi ulimchagua kwa nini?"

Halimah alimtazama Faraj. Faraj alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayemkataza mtoto.

"Kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyepaka unga kama Mmasaba," alisema. "Wale wengine walikuwa watu wa mbali, hawajui. Niliwatazama wote nikamwona mmoja anayefanana na imbalu."

Wakili wa utetezi, mzee mmoja aitwaye Bogere aliyekuja na maswali yake tayari, aliyaweka chini asijue aanzie wapi. Jaji ndiye aliyeinama mbele, akavua miwani.

"Mama, unaiambia mahakama kwamba siye?"

"Siwezi kusema siye, mheshimiwa. Nikifumba macho namwona yeye, hata sasa hivi. Lakini kama kovu liliingia humu," akagusa kichwa chake, "bila mimi kulifungulia mlango, basi sijui na nini kingine kimeingia. Nimeapa. Siwezi kuapa juu ya uso ule."

Jaji aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamruhusu Halimah aende, akaahirisha kesi mpaka baada ya chakula cha mchana, na mwendesha mashtaka akafunga jalada lake bila kumtazama mtu.

Barazani Faraj alipita karibu nao. Halimah alimwita, "Shemeji." Faraj alisimama, akamshika Juwairiya bega kidogo kisha akashuka ngazi peke yake. Alitembea polepole, kama mtu aliyezika leo. Afande Geresom alikuwa bado kwenye benchi lake, hajui kilichotokea, akawapungia mkono.

Nabifo aliwafuata mpaka mlangoni. Alipiga magoti mbele ya Halimah, kwenye saruji, mikono miwili imenyooka kushika wake, machozi yanamtiririka. Halimah aliurudisha mkono wake nyuma.

"Usinishukuru, mama," alisema. "Mimi bado namwona."

Nabifo alibaki magotini, hajui aipeleke wapi mikono yake.

Walitoka nje ya lango. Ngoma zilikuwa zimeanza tena upande wa sokoni. Halimah alitembea haraka, leso imemshuka begani, roho yake haijatulia hata kidogo. Alikuwa amengoja aone kama atajisikia mwepesi. Badala yake kila kitu alichokuwa nacho cha siku ile kilianza kumtazama kwa mashaka, utepe wa mkasi, jora la kijani lililoanguka, mahali alipokuwa amesimama. Aliviacha vipite. Hakutaka kuvigusa.

Karibu na kituo cha mabasi Juwairiya alipunguza mwendo, na Halimah, ambaye alimzaa mtoto huyu na kuzijua hatua zake, alijua swali linakuja, na akajua ni lipi.

"Mama."

"Sema."

"Baba... jina langu. Alilitaja?"

Halimah alifumba macho palepale, watu wakimpita. Alimwona Hamuza, kichwa chake kizito mapajani, midomo inatembea. Aliiona midomo vizuri kabisa. Ngoma zilikuwa zinatikisa vioo, wanawake wanaimba mlangoni, na yeye mwenyewe alikuwa anapiga kelele, akiita watu. Alisikiliza kwa nguvu zake zote. Alilisikia jina Juwairiya, wazi, kwa sauti ya Hamuza, lakini na kovu nalo aliliona wazi.

Alifumbua macho. Binti yake alikuwa anamtazama usoni, kama anavyotazama karatasi ya mtihani kabla ya kuigeuza.

"Alikuita," Halimah alisema. Hakusita hata kidogo. Sauti yake ilikuwa imara kama siku ile aliponyoosha kidole kwenye foleni.

Juwairiya aliitikia kwa kichwa. Alimpandishia mama yake leso begani, akamshika mkono, wakavuka barabara kwenda kutafuta basi la Jinja, na swali lile hakuliuliza tena.